Ndevu za Farao

Katika miaka yangu ya kazi kwenye shule ile ya bweni mjini Bujumbura nimekuwa Farao, nimekuwa Herode, nimekuwa Yezebeli, nimekuwa Goliathi nikiwa nimesimama juu ya kreti ya soda, na mara moja, kwa dharura, nyoka wa Edeni. Malaika sijawahi kuwa. Nafasi za malaika zilijaa kabla sijaajiriwa. Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaoingia sasa kufundisha muziki, uchoraji na maigizo, mjue kazi ilivyo kabla hamjavaa ndevu.

Niliajiriwa kwa sababu ya sauti. Nilikuwa nimetoka Uvira, nikiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, na sauti yangu ni nzito kuliko ya wanaume wengi ninaowafahamu. Direkta wa wakati ule, mkuu wa shule, alinisikiliza nikiimba ubeti mmoja, akaridhika, kisha akaniuliza kama najua kuchora. Nikamwambia mstari naunyoosha. Akaniuliza kama najua kuigiza. Nikamwambia nimeishi nyumba moja na mama mkwe kwa miaka mingi, na hadi leo anaamini nampenda kuliko watoto wake. Akaandika kwamba najua. Ndivyo kazi tatu zilivyoangukia mtu mmoja, na mpaka nastaafu hakuna aliyeona sababu ya kuzitenganisha.

Ukumbi wetu ulikuwa kati ya jiko na bweni la wavulana, kwa hiyo kila wimbo niliofundisha pale ulinukia maharage. Siku ya kwanza niliingia nikakuta kinanda cha kukanyaga kikihema peke yake, na miguu ya mtu imetokeza chini yake. Alikuwa Fundi Saidi wa Buyenzi, aliyekuwa akiziba mapafu ya kinanda kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Alitoka, akajifuta mikono, akanitazama kwa huruma. Aliniuliza kama ni mimi mwalimu mpya, na nilipokubali alisema mwenzangu aliyetangulia alikuwa mtu mwema na aliondoka akiwa amekonda. Kisha akanipa bisibisi. Wengine walipewa funguo za ofisi siku yao ya kwanza. Mimi nilipewa bisibisi, na nimeitumia zaidi ya walivyotumia wao funguo.

Karibu kila kitu cha mikono nilichojua alinifundisha Saidi. Makatoni makubwa ya mapambo tuliyafuata kwenye maghala ya kule kwenye viwanda, na alinifundisha kuyachagua kwa kuyagonga: yanayolia kavu yanabeba rangi, yanayonyamaza yana unyevu na yatapinda siku ya mchezo mbele ya wageni. Alinionya nisianze kupaka mbingu, kwa kuwa rangi ya bluu itaishia mawinguni na mto Nile utabaki wa kahawia. Mwaka wa kwanza nilijifanya mjuaji nikaanza na mbingu. Mto ukatoka wa kahawia. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila mtu pale alikuwa ameuona mto Rusizi, na mzazi mmoja alikuja kunipongeza kwa uhalisia.

Sasa niwaeleze desturi ya shule, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilitumia maisha yangu kuwatesa Waebrania. Wazazi wetu ni watu wa sala, na wengi wanaamini kwamba mtoto akiigiza mtu mwovu, uovu ule unaweza kumzoea ukakataa kutoka. Basi kamati ya wazazi ilikwisha kukata shauri zamani: waovu wote wa Biblia wataigizwa na mtu mzima, na mtu huyo ataombewa kabla na baada. Walimu wa hesabu walikuwa na kazi nyingi. Wa Kifaransa walikuwa na heshima zao. Nikabaki mimi.

Kwa hiyo niliombewa mara mbili kila mwaka, na nadhani hakuna mwanamke Bujumbura nzima aliyekemewa mapepo mengi kwa ajira halali kama mimi. Pasta Elisha, mchungaji wa shule, alikuwa mpole, na baada ya muda tulizoeana. Ananiwekea mkono kichwani, anamkemea Farao, ananiuliza habari za watoto, tunaendelea. Tatizo lilikuwa mitaani. Nilikutana na mama mmoja sokoni akamvuta binti yake upande wa pili, nikamsikia akimwambia ndiye huyo aliyeua watoto wa Bethlehemu. Na nilikuwa nanunua mchicha tu.

Ndevu za Farao alizitengeneza Saidi kwa katani aliyoipaka dawa ya viatu. Yeye ni Mwislamu na kisa cha Firauni alikijua tangu madrasa, na hofu yetu ilimchekesha. Siku moja akinifunga zile ndevu kwa nyuma aliniambia neno ambalo nililichukulia kama utani.

"Madamu, mnamuogopa bure. Firauni alikuwa mutu tu mwenye alizoea kusema apana. Akisha kuzoea, hata yeye mwenyewe hakujua kusema ingine."

Mtu wa namna hiyo nilimjua vizuri, ila sikuunganisha mambo wakati ule. Mzee Sylvestre, mwenyekiti wa baraza la shule, alikuwa mfanyabiashara mwenye nyumba ya ghorofa kule Kinindo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja kila Alhamisi, akaketi ofisini kwa direkta, na sisi tukaingia mmoja mmoja na maombi yetu. Mimi niliomba nyuzi za gitaa, rangi, pazia ambalo halina matundu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kwenye makaratasi yake, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akasema, "Apana." Hakuwahi kukasirika wala kuinua macho. Nilitoka pale mara nyingi nikijiuliza kama angenitambua tukikutana barabarani.

Mwaka wa kabla ya ule wa mwisho wangu, mzee huyo alikuja na jambo zito zaidi ya nyuzi. Kompyuta zilikuwa zinakuja, zawadi ya wageni wa kanisa rafiki, na baraza lilitaka ukumbi wetu uwe chumba cha kompyuta. Kinanda kingeuzwa. Vipindi vya sanaa vingekuwa wimbo mmoja asubuhi kabla ya hesabu. Alitutangazia walimu wote kwamba wageni wangehudhuria mchezo wa Pasaka, na baada ya hapo baraza litaamua. Aliposema "mchezo" aliutaja kama mtu anavyotaja maji yanayovuja darini.

Sitajifanya shujaa. Niliogopa. Kulikuwa na watoto pale ambao hesabu iliwakataa na Kifaransa kikawakataa, na mahali pekee palipowakubali pananukia maharage. Nikachagua kisa cha Kutoka Misri, kwa kuwa kina nafasi ya watu wengi, na kwa kuwa Farao nilikuwa namjua kwa moyo.

Wiki chache kabla ya Pasaka sauti ikakatika. Daktari alinimulika kooni akasema nimeiumiza kwa kupiga kelele, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba mimi ni mfalme. Hakucheka. Alinikataza kusema hata kwa kunong'ona mpaka sikukuu zipite, la sivyo nisahau kuimba kabisa.

Shule nzima ilitafuta Farao. Mwalimu wa michezo alikubali, mke wake akamkatalia. Direkta alipatwa na safari. Mwisho Nadège alinyoosha mkono, msichana wa darasa la tano sekondari, mtulivu, mwenye sauti iliyofika mpaka jikoni bila kelele. Kamati ikasema lazima mzazi akubali. Mama yake anaishi Buterere, kule ambako mvua za Machi huingia ndani bila kubisha hodi. Direkta alimpigia simu mbele yetu akamweleza hatari zote za kiroho. Mama akajibu kwamba Farao ni mtu aliyekufa kwenye maji, na kwao watu wa namna hiyo wanahurumiwa, basi mtoto aigize.

Nikaanza kufundisha kwa mikono na chaki. Waebrania walinisumbua kuliko Farao. Walitakiwa kuja mbele ya kiti cha enzi wakilia, nao wakawa wanacheka, kila siku, mpaka nikawafundisha siri ninayowaachia na nyinyi: mtoto usimwambie alie kwa macho, mwambie alie kwa mabega. Akiisha kuyashusha mabega na kuyaacha yatikisike, uso unafuata wenyewe. Walikuja kuiweza siku moja kabla ya mchezo, na mizigo yao ya vitambaa na masufuria tukawapa asubuhi ile ile. Nadège hakuwa amewahi kuwaona wakilia na mizigo kichwani.

Vyura tu ndio waliokuwa tayari tangu mwanzo. Pigo la vyura tuliwapa watoto wadogo wa darasa la kwanza, ambao hawalali bwenini, na mmoja wao alikuwa Bella, kitinda mimba wa Mzee Sylvestre. Mke wa mzee alimshonea vazi la kijani lenye macho ya vifuniko vya chupa. Nilisikia kwamba kule Kinindo mtoto huyo alikuwa amerukaruka mwezi mzima, sebuleni, kwenye ngazi, na wakati wa sala ya chakula.

Siku ilifika. Pasta Elisha alimwombea Nadège kuliko alivyowahi kuniombea mimi, kwa kuwa alikuwa mtoto na kwa kuwa mimi, nadhani, alishanikatia tamaa. Alimwomba Mungu roho ya ugumu isimkaribie binti huyu, moyo wake ubaki laini kama nta. Mimi nilisimama pembeni bila sauti, na moyoni nilisema Pasta, nta kidogo tu, tafadhali, tunahitaji mapigo kumi.

Ukumbi ulijaa. Wageni walikaa mbele pamoja na Mzee Sylvestre na mkewe, na soda zilipangwa mezani zikisubiri mapumziko. Pazia likafunguka. Nadège ameketi na ndevu zake, amenyooka, mfalme kweli. Musa akaingia na fimbo. Nyuma yake wakaja Waebrania na masufuria vichwani, mabega yakatikisika, na kilio kikatoka ambacho sikukitegemea hata mimi. Mama mmoja nyuma alianza kulia naye. Musa akasema maneno yake: waachilie watu hawa waende. Jibu la Farao lilikuwa fupi, tulilirudia mara zisizo na idadi: simjui Mungu wenu, na watu hawaendi.

Nadège alifungua kinywa. Akawatazama. Akatazama zaidi, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu ambao haukuwa kwenye mazoezi.

"Basi muende," alisema. "Muende salama. Mvua isiwakute njiani."

Waebrania ni watoto wenye nidhamu, nilikuwa nimewafundisha kwamba wakisikia "muende" wanatoka. Walitoka wote kwa mlango wa jikoni. Israeli ilikombolewa kabla soda hazijafunguliwa. Jukwaani alibaki Farao mwenye huruma na Musa aliyeshika fimbo ambayo haikuwa imegeuka chochote. Wageni walipiga makofi ya adabu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mdomo wazi, sauti hakuna, nikiona kompyuta zikipangwa pale pale kilipokaa kinanda. Na upande wa pili wa pazia, vyura walikuwa wamechuchumaa kwenye mstari. Bella aliinua kichwa, yale macho ya vifuniko yakitikisika, akaanza kuelewa kwamba hawataitwa.

Alilia kwa sauti. Si kwa mabega.

Mzee Sylvestre alikitambua kilio cha mwanawe. Alisimama katika safu ya mbele, mbele ya wageni, mbele ya mkewe aliyekuwa akimvuta koti.

"Apana," alisema. "Warudi. Awaendi mahali."

Hapo ndipo nilipojua kwamba Musa wetu ana kipaji. Alimgeuzia Nadège mgongo, akashuka ngazi mbili, akamwelekezea mzee fimbo na kumwambia: ee Farao, waachilie watu hawa. Mzee aliinamisha kichwa kwenye karatasi ya ratiba, akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Apana." Vyura wakaingia. Bella aliruka mpaka macho yakamtoka, nasema yale ya vifuniko. Musa akarudi: waachilie. "Apana." Wakaja chawa, wakaja nzi, ikaja mvua ya mawe tuliyoitengeneza kwa kokoto ndani ya bati. Kila mara kichwa chini, miwani, tai, "Apana." Jamani, nimeigiza Farao karibu maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kuwa na ugumu safi kama ule. Mimi nilikuwa nalazimisha. Yeye alikuwa amefanya mazoezi kila Alhamisi, na nyuzi zangu za gitaa ndizo zilizomfundisha.

Pigo la mwisho likaja, na Farao anatakiwa akubali. Mzee alifungua kinywa, akakifunga. Alifuta miwani tena. Ukumbi ulingoja, na neno halikutoka, mpaka Nadège kule juu kwenye kiti chake akalisema kwa niaba yake, na mchezo ukaisha. Wageni walisimama. Waliniambia kwamba hawajawahi kuona mtindo mpya kama huo, wa kumweka Farao katikati ya watu, na mmoja aliniuliza nimesomea wapi. Kwa bahati nzuri nilikuwa nimekatazwa kusema.

Shule yote iliamini kwamba maombi ya Pasta Elisha yalizidi kipimo. Yeye mwenyewe hakukanusha. Alitembea kwa unyenyekevu wa mtu aliyeshinda. Lakini jioni ile, nilipokuwa nakunja Nile, Nadège alikuja kurudisha ndevu, macho mekundu. Alidhani ameniharibia kazi.

"Madamu, mi nilijua maneno. Nilikuwa nayo hapa. Lakini walikuja na masufuria, wanalia vile. Kwetu mvua ikinyesha watu wanakuja hivyo hivyo mulangoni, na nyumba yetu ndo iko juu kidogo. Mama ajawahi kukatala mutu. Mi ningesema apana namna gani?"

Niliwaza siku zote nilizoketi kwenye kiti kile nikingoja zamu yangu ya kunguruma, na sikukumbuka uso wa Mwebrania hata mmoja. Nilivunja amri ya daktari. Nilimwambia kwa sauti iliyokwaruza kwamba katika ukumbi mzima yeye peke yake ndiye aliyesikiliza. Nilijisikia fahari na aibu pamoja, na koo likaniuma siku mbili.

Baraza halikuamua kitu. Mzee Sylvestre alisema lisubiri mchezo wa mwaka unaofuata, ambao ndio ungekuwa wa mwisho kwangu. Mwanzoni mwa mwaka huo aliniita ofisini, akazungumza kuhusu mabati ya bweni, kisha, akiwa ameinama, akauliza kama Farao amekwisha kupatikana. Nikamwambia kiti kiko wazi. Sauti yangu ilikuwa imerudi, lakini kuna mambo mtu hasemi.

Alikuja mazoezini bila kukosa, na dereva wake akisubiri nje. Ndevu zilimkaa vizuri. "Apana" zake zote zilikuwa tayari, sikugusa hata moja. Kilichomshinda ni neno moja la mwisho. Alilisema kama anasoma bango, alilisema kama anakohoa, siku nyingine lilitoka kama swali. Aliniomba nimfundishe, nami nikajaribu, na nilipojisikia mwenyewe nikinguruma "nendeni" niligundua kwamba hata mimi sijui. Nikamwita Nadège, ambaye sasa alikuwa darasa la mwisho na anaigiza Miriamu. Saidi alikuwa juu ya ngazi akipigilia mbingu. Aliacha nyundo.

Nadège alisimama mbele ya mwenyekiti wa baraza la shule, mikono nyuma, kwa heshima zote.

"Mzee, samahani. Kwanza inua kichwa," alimwambia. "Waangalie. Neno litakuja lenyewe."

Mzee Sylvestre aliinua kichwa. Waebrania walikuwa mbele yake na masufuria yao, mabega yakitikisika, na wa mbele kabisa alikuwa Bella, aliyekwisha kupandishwa cheo kutoka chura. Aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema waende, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Saidi alilalamika kutoka juu ya ngazi kuwa huko nyuma watu hawatasikia kitu. Siku ya Pasaka alilisema hivyo hivyo, na huko nyuma walisikia. Nililia nyuma ya pazia, na mabega yangu hayakuhusika.

Kompyuta zipo kwenye stoo ya zamani karibu na jiko, nazo sasa zinanukia maharage. Ukumbi ni wenu. Ndevu zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya kinanda. Zipakeni dawa ya viatu kila mwaka, na msiziweke karibu na panya. Bisibisi nimemwachia Nadège ofisini kwa direkta, mpaka atakapomaliza masomo na kurudi, maana amesema atarudi.

Alhamisi yangu ya mwisho kazini niliingia ofisini na ombi langu la zamani, nyuzi za gitaa, kwa ajili yenu. Mzee Sylvestre alisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Akainua kichwa, akanitazama usoni, akaniita kwa jina langu.

"Mama Feza," alisema, "apana."